Mafundi wa Kichanja cha Marakuja

Tangu Shakuru atoke mlangoni akiwa mabegani mwa watu, mkewe Adija hakuwa amekanyaga nje ya ua wao wa Mutakura, jijini Bujumbura. Alikuwa kwenye eda. Ndugu na majirani walikuja, wakakaa naye mkekani, wakalia, wakasoma, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Yeye akabaki na nyumba, na wifi yake Thuwaiba aliyehamia hapo ili asimwache peke yake, na ua mdogo wa nyuma uliofunikwa na kichanja cha marakuja. Miguu haikuwa na safari, basi macho ndiyo yaliyotembea.

Kichanja hicho marehemu alikijenga kwa mikono yake. Alikuwa seremala, na mbao zilizobaki kwenye vitanda na makabati ya watu zilikuja nyumbani zikawa nguzo na mihimili. Chini yake akapanda mti wa marakuja, ukapanda, ukatambaa, mpaka ua wote ukawa kivuli. Kila Ramadhani ilipoingia, jioni ya kwanza kabisa, ndoo kubwa ya juisi ilitoka kwenye ua ule kwenda msikitini, kwa ajili ya wale wa safu ya nyuma: madereva wa pikipiki, wachukuzi, wanafunzi wa Kamenge wasio na mama karibu wa kuwapikia futari. Shakuru hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hilo alikuwa akilisema: mti alioupanda mtu, maadamu viumbe wanakula na kunywa kwake, thawabu humfuata mpaka kaburini.

Siku aliyozikwa, wanaume walipokuwa wamekwenda makaburini na nyumba imebaki na wanawake tu, Adija alitia nia. Ramadhani inayokuja ndoo itatoka kama kawaida, na itatoka kwenye mti huu, si kwa marakuja ya sokoni. Hakumwambia mtu. Nia ni ya mtu na Mola wake.

Ndiyo maana alikaa akiutazama ule mti kama yanavyotazamwa maziwa yaliyo motoni.

Miaka yote aliyoishi chini ya maua yale, alikuwa hajayatazama sawasawa. Mtu anapika, anafua, anaharakisha. Ua ni ua. Sasa aliliona. Asubuhi lilikuwa limefumba kama ngumi ya mtoto aliyelala. Jua likipanda, adhuhuri ikikaribia kuadhiniwa, lilifumbuka: jeupe chini, na juu ya weupe ule duara la nyuzi za zambarau zilizojikunja ncha kama nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Katikati palisimama kijiti, na kwenye kijiti vikaning'inia vibao vidogo vilivyotazama chini, vimejaa unga wa njano. Juu kabisa palikuwa na vichwa vitatu vya kijani vilivyotazama mbinguni.

Hivyo vichwa ndivyo vilivyomshangaza. Ua lilipofumbuka tu, vilikuwa vimeinuka, kama mwanamke asiyetaka kuongea na mtu. Adija akaingia ndani, akaswali, akakaa kwenye msala na tasbihi yake, akatoka tena: vilikuwa vimeinama. Taratibu vilishuka mpaka vikalingana na ule unga. Hakuna mkono uliovishusha. Ua lilijua lenyewe saa ya kupokea wageni.

Na wageni walikuja. Wadudu weusi, wakubwa kama ncha ya kidole gumba, wenye mkanda wa njano begani na sauti ya pikipiki inayopanda mlima wa Kiriri kwa mbali. Wengine walitoka kwenye mihimili ya kichanja, ambako walikuwa wametoboa matundu ya mviringo, safi, kama yaliyotobolewa kwa kekee. Wengine walirudi wakiruka juu ya ukuta wa jirani, migongo tayari ina vumbi la njano. Mdudu alitua juu ya zile nyuzi, akainamisha kichwa kunywa asali iliyofichwa chini kabisa, kisha akaanza kuzunguka kile kijiti kama mtu anayetufu Alkaaba. Alipozunguka, mgongo wake ulipita chini ya vile vibao vya unga kama mtu anavyopita chini ya nguo mbichi zilizoanikwa. Unga ukamwangukia katikati ya mgongo, pale pale ambapo kiumbe hawezi kujikuna. Alipofika kwenye ua lingine, vile vichwa vitatu vilivyoinama vikamgusa mahali hapo hapo.

Shakuru alikuwa akimwangalia mtu mara moja tu, akamtengenezea kiti kisichomuumiza mgongo. Watu walimsifu kwa jicho hilo. Lakini hapa Adija aliona kipimo ambacho hata Shakuru asingekiweza: ua limepimwa kwa mdudu, mdudu amepimwa kwa ua, na Aliyepima hakushika futi wala penseli.

"Subhanallah," alisema, na akaona haya kwamba mumewe aliyajua haya zamani na yeye hakumsikiliza. Kwani marehemu aliwaita wadudu wale mafundi wenzake. Siku moja aliukata mhimili wa zamani uliooza, akamwita: "Mama Assia, njoo uone nyumba." Ndani ya ule ubao mlikuwa na vyumba vimepangwa mstari mmoja, kila chumba kina ukuta wake wa vumbi la mbao, na katika kila chumba donge la unga wa njano na mtoto mmoja mweupe amelazwa juu ya chakula chake. Shakuru aliugusa ukuta mmoja kwa kucha, akatikisa kichwa. "Bila gundi," alisema. "Bila msumari."

Dua ya arobaini ikakaribia. Tajudini, mdogo wake marehemu, fundi wa magari mwenye garaji yake Kinama, akaja kuuandaa ua. Ni mtu wa moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Kwa kuwa Adija alikuwa kwenye eda na shemeji si maharimu, alikaa chumbani nyuma ya pazia, wakawa wanaongea bila kuonana.

"Shemeji! Mbao ya kaka inaliwa!" Tajudini aliita kutoka uani. "Iko na matundu kama mutu alipiga risasi. Na madudu meusi yanaingia na kutoka kama iko na funguo!"

"Yaache tu, shemeji. Ni ya siku zote hayo. Marehemu aliyazoea."

"Kaka alikuwa na huruma ya kupita. Bon. Siku ya dua watu watakaa chini ya hii mbao. Ikimuangukia Mwalimu wa msikiti kwa kichwa, tutasema nini?"

"Tutasema amepata elimu ya juu," Thuwaiba akajibu kutoka jikoni.

"Dada, mi siko nacheka. Shemeji, we tulia huko ndani. Mi nitafanya byote."

Adija alitaka kusema kwamba mihimili ile ilikuwa imebeba matundu hayo kwa miaka na haijawahi hata kulia. Lakini kupaziana sauti na mwanamume, akiwa kwenye eda, kupitia pazia, majirani wakisikia? Na Tajudini alikuwa akimfanyia kaka yake heshima. Akanyamaza. Alisikia nyundo. Kisha harufu ya mafuta machafu ya magari, yale yanayomwagwa baada ya vidanji, gari likibadilishwa mafuta, ikapita chini ya pazia ikajaa chumbani.

Alipotoka uani, Tajudini akiwa ameshaondoka, mihimili ilikuwa inang'aa nyeusi kama viatu vya sikukuu. Kila tundu lilikuwa limezibwa kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta, na juu yake kigingi cha mti. Waliokuwa nje walirudi na mizigo yao. Walipiga kichwa kwenye ule mlango uliozibwa, wakazunguka, wakapiga tena. Waliokuwa ndani hawakusikika. Magharibi ilipoingia hakukuwa na mdudu hata mmoja uani, na Adija akasema innalillahi kwa sauti ndogo sana, kama anayeogopa kuambiwa amewalilia wadudu.

Dua ilipita vizuri. Watu walikisifu kichanja kwa kung'aa kwake.

Kisha maua yakaanza kudondoka.

Mwanzoni Adija alijiambia ni upepo, au mvua nyingi. Lakini yalidondoka hata siku za jua. Ua lilifumbuka adhuhuri, likavipeleka vichwa vyake chini kwa adabu ile ile, likangoja. Jioni lilifumba. Kesho yake lilikuwa la njano shingoni, na keshokutwa lilikuwa chini sakafuni, Thuwaiba akilifagia. Nyuki wa kawaida walikuja, wale wadogo wa asali, na Adija akafurahi, akavuta kigoda karibu. Furaha haikudumu. Nyuki mdogo aliingia kwa chini, akanywa, akatoka, na kati ya mgongo wake na ule unga palibaki nafasi ya kupitisha kidole. Wengine walining'inia kwenye vibao vyenyewe wakakomba unga wakaondoka nao, bila kuvigusa vile vichwa vitatu. Nyuki alikuwa kama mtoto aliyepewa kiti cha baba yake: miguu haifiki chini.

Hapo ndipo Adija alipoelewa mambo yamefikia wapi. Ramadhani haingoji mtu. Marakuja yanataka muda wake wa kunenepa na kuiva. Kama maua ya sasa hayakushika, jioni ya kwanza ya mfungo ndoo haitatoka, na mti wa Shakuru utakuwa mti tu, majani na kivuli, na yule aliye chini ya udongo hatafikiwa na kitu kutoka kwake.

Basi akainuka, akasema bismillahi, akapaka unga wa ua moja kwenye kidole, akaupakaza kwenye vichwa vya ua lingine. Akaenda kwa la tatu. Alifanya hivyo siku nyingi, kati ya adhuhuri na alasiri, shingo ikimuuma kwa kutazama juu.

Thuwaiba alimvumilia kwa muda wake, kisha akaja akasimama na ufagio mkononi.

"Wifi, mi nanyamaza lakini macho ninayo. Mutu wa eda haguswi na marashi. We vidole vinanukia kama bibi arusi."

Adija alivileta vidole puani. Kweli, vilinukia. "Mi sijipambi, Thuwaiba. Ni kazi tu."

"Kazi ya kuchezea maua? Watu wakipita watasema uchungu umempanda Adija kichwani."

Lile la watu halikumsumbua. La marashi ndilo lililomkosesha raha. Alikaa siku nzima bila kugusa ua, akayaona yanafumbuka na kufumba bure. Mwishowe akamwomba Thuwaiba aende kwa mke wa Mwalimu akaulize. Thuwaiba akaenda shingo upande, akarudi uso umelegea kidogo.

"Amesema, we umemenya vitunguu mara ngapi, na nani alisema umejipaka vitunguu? Unawe mikono, uswali. Amesema pia..." Thuwaiba akaguna. "Amesema mi nipunguze kunusa vidole vya watu."

Adija akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Akarudi kwenye maua yake.

Lakini maua yaliendelea kudondoka. Yote. Hata aliyoyapaka unga kwa uangalifu kama anayempaka mtoto dawa ya macho. Aliyaokota sakafuni, akayapasua kwa kucha, akaona ndani hamna kitu kilichoanza. Akajiuliza amekosea wapi. Unga aliuweka. Saa aliingoja, vichwa vikiwa vimeinama. Kitu gani mdudu alikuwa akikifanya ambacho yeye hakifanyi?

Ijumaa moja, baada ya swala, mlango ukabishwa. Alikuwa Basma, jirani wa ukuta wa nyuma, mke wa Sultani mwenye duka la vitambaa. Ukoo wao ni Waarabu waliokuwepo Bujumbura tangu enzi za babu zao. Basma na Adija walikuwa wakisalimiana, si zaidi. Zamani mdudu mmoja mweusi aliingia sebuleni kwa Basma palipokuwa na wageni, akaruka, wageni wakakimbia, na Basma akapanda juu ya kiti akapiga kelele juu ya ukuta kwamba Shakuru anafuga majini. Shakuru alicheka mpaka akakaa chini. Adija hakucheka, na hakusahau.

Basma aliingia na sahani ya halua iliyofunikwa. Akakaa mkekani, akampa pole, akaulizia watoto. Binti yake Assia, aliyeolewa Goma, alikuwa mzima. Kisha akalikunja na kulikunjua pindo la mtandio wake.

"Sema, Basma," Adija akamwambia. "Halua haiji yenyewe."

"Wallahi ni aibu. Nimekuja kukupa pole, na mi nina shida yangu. Ile marakuja yangu ya juu ya jiko... we uko na mkono na miti. Mwaka huu inatoa maua na kutupa. Inatoa na kutupa. Hata moja haishiki." Akafungua kitambaa alichokuwa ameshika, ndani mlikuwa na maua matatu mabichi aliyoyachuma alipokuwa akitoka. "Angalia. Ua liko mzima. Ugonjwa uko wapi? Mi nilianza kufikiri mutu amenitupia jicho."

"Aliyekutupia jicho yuko garaji Kinama," Thuwaiba akasema.

Adija akamsimulia. Pazia, nyundo, mafuta, vigingi. Basma alisikiliza akiwa ameshika shavu.

"Yarabi. Yale majini yangu?"

"Yale majini yako."

"Miaka yote nimeomba yatoke kwenye huu mtaa. Miaka yote! Sasa yametoka, na mi nimekuja kulia kwako." Akacheka huku macho yamemjaa maji. "Adija, unisamehe kwa lile neno. Shakuru aliniunganishia mlango wangu bila kunidai hata asante."

"Alishasamehe yeye siku ile ile. Mi ndiye niliyechelewa."

Walitoka uani pamoja. Kwa mazoea tu, na kwa sababu maua ya Basma yalikuwa mkononi mwake na unga wao mbichi, Adija aliyapakaza kwenye maua yaliyokuwa karibu na nguzo, huku akimwonyesha mgeni wake jinsi vichwa vinavyoinama. Basma akatazama, mdomo wazi, kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha siri ndani ya nyumba aliyozaliwa.

Maua yale ya karibu na nguzo hayakudondoka.

Yaliyokuwa mbali yalidondoka kama kawaida. Yale ya nguzoni yalinyauka ncha, yakajikunja, na chini ya mnyauko kikabaki kitu cha kijani, kidogo kama punje ya tasbihi, kimeshikilia. Adija alikigusa kwa ncha ya kidole. Hakikutikisika. Kesho yake kilikuwa kikubwa kuliko jana.

Akakaa kwenye kigoda chake, akafikiri polepole, kwa namna anavyofikiri mtu ambaye hana haraka. Akaona tena wale wadudu wakija juu ya ukuta wa Basma na migongo ya njano. Siku zote walikuja na unga wa huko, na waliondoka na unga wa huku. Mti wa Shakuru haukutaka unga wake wenyewe. Hata angeumwagia kwa kikombe usingeupokea. Ulitaka wa jirani. Na mti wa Basma ulitaka wa Shakuru. Miaka yote ambayo wanawake wawili walisalimiana kwa ncha ya ulimi, wadudu walikuwa wakivuka ukuta mchana kutwa wakizipeleka nyumba hizi mbili, kila moja kwa nyingine, na kila aliyekula marakuja upande huu alikula na kitu cha upande ule.

"Allahu akbar," alisema, na Thuwaiba akatoka jikoni mbio akidhani ameona nyoka.

Tangu hapo ikawa kazi ya ukuta. Adhuhuri ikishaswaliwa, Basma alipanda juu ya kreti ya soda upande wake, akateremsha kikapu cha maua kwa kamba. Adija akakipokea, akatuma cha kwake. Aligundua kwamba manyoya ya kuku yanafanya kazi nzuri kuliko kidole, lakini bado wanawake wawili, shingo zimewakaza, mchana mzima walifanya kile ambacho mdudu mmoja alikifanya wakati mtu anachambua bakuli la mchele. Hilo lilimnyenyekesha Adija. Kila alipotaka kulalamikia shingo, alikumbuka kiumbe asiye na kigoda.

Thuwaiba alishikilia msimamo wake mpaka siku Basma aliponusurika kuanguka kutoka kwenye kreti.

"Shuka hapo, mwana wa watu! Utavunja kiuno Sultani aje kutudai." Akanyoosha mkono wake mrefu, akakichukua kikapu bila hata kusimama kwa vidole. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyepokea, akilaumu kila ua. "Hili limechelewa. Hili limelala. Basma, nyumbani kwako hata maua yanachelewa kuamka?"

"Yanakungoja uyaamshe na hiyo sauti!"

Tajudini ilibidi aambiwe. Adija hakutaka, lakini alijua asipoambiwa atarudi na ndoo nyingine ya mafuta. Alipokuja kuwasalimia, Adija akiwa nyuma ya pazia, Thuwaiba hakumngoja hata akae.

"We ndiye uliyewaua mafundi wa kaka yako."

Kutoka upande wa pili wa pazia Adija alisikia kiti kikilia chini ya Tajudini.

"Shemeji," Adija alisema. "Unanisikia?"

"Nakusikia," akajibu kwa sauti ndogo.

"Ulikuja kwa mapenzi. Mi ndiye niliyejua, nikanyamaza kwa kuona haya. Basi tugawane."

"Mi nilitaka tu..." Akakohoa. "Nilitaka kichanja cha kaka kisianguke. Ile ndiyo kitu ya mkono wake iliyobaki."

"Haitaanguka. Na maua mengine yameshika, alhamdulillahi. Ila mafuta, shemeji, yaishie kwenye magari."

Baada ya siku chache alileta gogo kavu la mti wa gereveria, halijapakwa kitu. Akaliangika chini ya paa la jiko, akatoboa na matundu mwenyewe ili kuwasaidia wadudu kuanza. Thuwaiba alisema sasa Tajudini amefungua hoteli. Wageni hawakuja.

Eda ikaisha. Adija akaoga, akavaa nguo nyingine, akaenda kwanza makaburini. Mwezi wa Ramadhani ukaandama mara tu baadaye, wakati marakuja yamegeuka njano na kuanza kuanguka yenyewe usiku, puu, puu, sakafuni.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mfungo waliyaokota. Walipomaliza kuyakata na kuyachuja, Adija akainama akatazama ndani ya ndoo, na moyo ukashuka pamoja na macho. Juisi ilikuwa imefika chini ya nusu. Maua ya mwanzo, yale yaliyodondoka bure, yalikuwa yameondoka na sehemu yao.

Basma aliyekuwa amekaa karibu na karai lake mwenyewe, limejaa marakuja ya juu ya jiko, akalisukuma mbele. "Ongeza haya. Yalikuja kwa kazi hiyo hiyo."

Adija alifuta mikono kwa pindo la kanga. "Sikukuambia, Basma. Nilitia nia itoke kwenye mti wa Shakuru. Si mti mwingine. Sitaki kumdanganya Mola na maji ya mtu mwingine."

Basma akarudisha mkono. Mambo ya nia hayabishaniwi.

Adija akachukua tunda moja kutoka kwenye karai la Basma. Lilikuwa zito, ngozi imeanza kujikunja, harufu yake tamu. Akalikata. Mbegu nyeusi zilikaa ndani ya maji yao ya manjano, kila moja kwenye kifuko chake, na akazitazama zaidi kuliko mtu anavyotazama chakula siku ya kufunga. Kila mbegu ile ilianza siku unga ulipoligusa ua. Unga wa nani? Basma hakuwa na mwingine wa kuweka pale ila ule uliotoka huku kwa kikapu. Tunda hili lisingekuwepo kama Shakuru asingepanda mti. Alikuwa amelipanda bila kujua, ng'ambo ya ukuta, kwenye jiko la mwanamke aliyemwita mfuga majini.

"Lete karai," alisema.

"Na nia?"

"Nia iko pale pale. Mi ndiye niliyekuwa sijui mti wake unafika wapi."

Walikata, wakachuja, ndoo ikajaa mpaka ikabidi ibebwe kwa tahadhari. Alasiri Tajudini akaipeleka. Alirudi baada ya tarawehe, akasimama mlangoni akielekeza macho chini kwa adabu, sauti yake imerudi yote.

"Shemeji, imekwisha mpaka wakainamisha ndoo! Wale wa pikipiki wameuliza, hii si ya Shakuru? Nikasema ni ya Shakuru. Safu nzima ya nyuma ikamuombea. Mumoja alisema mwaka huu iko kali kidogo."

"Huyo mwambie kesho alete sukari ya kwao," Thuwaiba akasema.

Kesho yake adhuhuri, Adija alikuwa tena chini ya kichanja na unyoya wake wa kuku, maana mti ulikuwa umetoa maua mengine kana kwamba haujui kuchoka. Alikuwa amefikisha unyoya kwenye ua moja, karibu na ukuta, aliposikia pikipiki ikipanda mlima kwa mbali. Akatulia. Sauti ikaja juu ya ukuta wa Basma, ikashuka, na mdudu mmoja mweusi, mgongo wa njano, akazunguka mbele ya uso wake kama anayeuliza kama nafasi ina mtu.

Adija aliondoa mkono.

Mdudu akatua, akainama, akazunguka kile kijiti, unga ukamwangukia, vichwa vitatu vikampapasa mgongoni, na yote yakaisha kabla mwanamke hajapumua. Akaenda kwa la pili, na la tatu. Makazi yake hayakuwa kwenye kichanja. Mihimili ilikuwa bado inanuka garaji. Gogo la Tajudini lilikuwa halijaguswa. Basi mahali fulani Mutakura hii, au hata Kinama, palikuwa na ubao wa mtu unaotobolewa, vumbi la mbao likimwagika kwenye mlango au kitanda chake, na huenda saa hii hii mwenyewe alikuwa amesimama mikono kiunoni, akifikiri atapata wapi mafuta.

Adija hakumjua ni nani. Alipokwenda kuswali alasiri, akainua mikono, akamwombea huyo mtu uvivu.